Nani Ataiandika Hofu Yetu?

Msikilizaji mpenzi, nazungumza nawe kutoka Waberi, hapa Garissa mjini, saa hii ambapo jua limeanza kupoa na kina mama wa maziwa ya ngamia wanakusanya madumu yao matupu warudi nyumbani. Kama uko dukani, kama uko garini unaelekea Dadaab, ama umejilaza mkekani ukingoja adhana ya magharibi, nipe sikio lako kwa dakika chache. Leo nataka tuzungumze kuhusu filamu.

Ni filamu ya mwaka 2005, inaitwa The Constant Gardener. Wengi mnaikumbuka kwa sababu ilipigwa hapa Kenya, Kibera kule Nairobi, na Loiyangalani kwenye ukingo wa Ziwa Turkana. Juzi niliitazama tena nyumbani pamoja na mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu. Ilipokwisha akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza swali moja. Tangu usiku ule swali hilo linanizunguka kichwani, na ndilo lililonileta mbele ya maikrofoni hii.

Kwanza nikukumbushe kisa chenyewe. Justin Quayle ni mwanadiplomasia wa Uingereza mjini Nairobi, mtu mpole asiyependa ugomvi, mapenzi yake ni maua na miche. Mkewe Tessa ni moto. Anaingia Kibera, anauliza maswali, anaandika barua ambazo wakubwa hawataki kuzisoma. Siku moja Justin anaitwa pembeni na kuambiwa kuwa maiti ya mkewe imepatikana kaskazini, karibu na Turkana. Daktari aliyesafiri naye, Arnold Bluhm, hajulikani aliko. Na mara minong'ono inaanza: huyo daktari alikuwa nani kwake? Walilala wapi? Safari hii mume alijulishwa?

Sasa sikiliza kwa makini, kwa maana hapa ndipo lilipo fundo la aina hii ya filamu. Zipo filamu za kutisha ambazo hofu yake iko machoni: damu, bunduki, mlango unaofunguka wenyewe. Na zipo nyingine ambazo hofu yake iko kifuani. Hizo ndizo taharuki za nafsi. Mtazamaji haogopi risasi. Anaogopa kile ambacho mhusika anakaribia kukijua. Justin anafungua droo za marehemu mkewe, anasoma barua zake, anarudia maneno yake kichwani, na kila anachokipata kinaweza kumwambia kwamba alipendwa au kwamba alidanganywa. Shaka hiyo ndiyo injini ya kisa chote. Polepole anagundua kwamba mkewe hakuwa msaliti hata kidogo. Alikuwa anafuatilia kampuni iliyokuwa ikijaribu dawa mpya ya kifua kikuu kwa maskini wa Kenya, wagonjwa wakifa na majina yao yakifutwa kwenye daftari. Alinyamaza nyumbani ili kumlinda mumewe. Na mume anampenda upya akiwa tayari yuko kaburini.

Filamu hiyo imetokana na riwaya ya John le Carré, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi ya ujasusi kabla ya kuwa mtunzi. Riwaya ilitoka mwaka 2001. Na si ajabu kwamba taharuki nyingi za nafsi zimezaliwa vitabuni. Alfred Hitchcock alipotengeneza Psycho mwaka 1960, alichukua riwaya ya Robert Bloch iliyokuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla yake. The Silence of the Lambs ya mwaka 1991 imetokana na riwaya ya Thomas Harris. Sababu ni nyepesi kuieleza. Kamera inaona uso, haioni moyo. Kitabu ndicho kinachoweza kukaa ndani ya mtu kurasa 20 nzima akiwa ameketi tu kwenye kiti, hajanyanyua hata kikombe. Mtunzi akishauchimba moyo huo kwenye karatasi, mwelekezi wa filamu anakuja na taa zake na waigizaji wake, anachota. Pasipo kisima, ndoo itachota nini?

Turudi kwa mpwa wangu. Kuna mahali kwenye filamu ambapo msichana maskini, Wanza, anafia hospitalini baada ya kujifungua. Alikuwa miongoni mwa waliojaribiwa ile dawa. Ndugu yake, kijana mdogo, anatoka hospitali na kile kichanga, anaanza kutembea kwa miguu kurudi kwao, safari ya usiku kucha. Justin na Tessa wako ndani ya gari. Tessa anasihi wawachukue. Justin anakataa, anasema wenye shida ni wengi mno, hatuwezi kumsaidia kila mmoja. Tessa anamjibu kwamba hawa wapo hapa mbele yetu, hawa tunaweza. Gari linakwenda. Baadaye sana, Justin akiwa kambini kusini mwa Sudan, wavamizi wanafika, naye anamsihi rubani ampakie mtoto mmoja kwenye ndege. Rubani anampa jibu lile lile ambalo Justin alimpa mkewe. Hapo ndipo moyo wake unapopasuka, na wa mtazamaji pamoja naye.

Mpwa wangu akaniuliza: "Abti, yule kijana alikuwa anafikiria nini njiani?"

Sikuwa na jibu. Filamu haina jibu. Tunajua kila tone la jasho la roho ya Justin. Tunajua wivu wake, majuto yake, upweke wake. Lakini kijana aliyebeba kichanga cha dada yake aliyekufa, akipitwa na gari la watu wanaomfahamu, hatujui hata neno moja la moyo wake. Yeye yupo ili Justin ajutie. Wanza yupo ili Tessa aulize. Watu wa Turkana wapo ili ziwa lisionekane tupu.

Sisemi haya kwa ubaya. Filamu hii niliipenda na bado naipenda. Rachel Weisz, aliyeigiza Tessa, alipata Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike mwaka 2006, na alistahili. Waliotengeneza filamu hawakufunga virago wakaondoka hivi hivi pia. Waliunda mfuko wa kuwasaidia watu wa Kibera na Loiyangalani. Na ujumbe wake, kwamba mwili wa maskini si maabara ya tajiri, ni ujumbe ninaousimamia. Lakini swali la mtoto ni swali. Kwa nini moyo uliofunguliwa ni mmoja tu?

Msikilizaji, jibu nililipata nilipomtazama mwelekezi. Anaitwa Fernando Meirelles, ni Mbrazili. Miaka mitatu kabla ya kuja Kenya alitengeneza filamu nyingine, City of God, akishirikiana na Kátia Lund. Hiyo nayo imetokana na riwaya. Lakini riwaya ile ya mwaka 1997 iliandikwa na Paulo Lins, mtu aliyekulia ndani ya mtaa ule ule wa maskini wa Rio de Janeiro unaosimuliwa. Na waigizaji wengi walikuwa vijana wa mitaa kama hiyo. Ukiitazama City of God unaingia kifuani mwa kijana wa mtaa. Unajua anachokiogopa akisikia pikipiki usiku, unajua anachokitamani akimwona msichana pwani, unajua kwa nini huyu anashika bunduki na yule anashika kamera. Hakuna mgeni aliyetumwa kuhuzunika kwa niaba yao.

Mwelekezi ni yule yule. Jicho ni lile lile. Kilichobadilika ni kalamu. Kule Brazil kisima kilichimbwa na mwenyeji, huku kwetu kilichimbwa na mgeni. Mgeni mwema, mgeni mwenye kipaji, lakini mgeni. Na mgeni, hata akikaa sana, huandika kile kilichompata yeye.

Sasa nikupeleke Wajir, kwa sababu kisa cha Tessa kinapotajwa, watu wazima wa huku hufikiria jina jingine. Annalena Tonelli. Alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943. Alikuja Kenya akiwa msichana wa miaka 20 na kitu, akafundisha shule, akatia nanga Wajir. Alikuwa amesomea sheria, lakini alichokiona Wajir ni kifua kikuu, ugonjwa ambao Wasomali huuita qaaxo na ambao familia nyingi ziliuficha kwa aibu, kwa kuogopa kwamba binti yao hataposwa. Matibabu ya zamani yalikuwa marefu sana. Mfugaji akipata nafuu kidogo, mvua ikinyesha upande wa pili, anafunga mizigo kwenye ngamia na kufuata malisho. Dawa inabaki, ugonjwa unarudi ukiwa mkali zaidi.

Mwaka 1976 Annalena alianza kitu ambacho watu wa Wajir waliita manyatta ya TB. Wagonjwa walijenga vibanda vyao vya kifugaji karibu na hospitali, wakaishi hapo kwa miezi 6, kila siku wakimeza dawa mbele ya macho ya mwangalizi mpaka wapone kabisa. Huduma iliufuata utaratibu wa maisha ya mfugaji, badala ya kumlazimisha mfugaji awe mtu wa mjini. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilikuja kuieneza ulimwenguni kote njia ya kumeza dawa mbele ya mwangalizi.

Kisha ikafika Februari 1984. Wanaume wa ukoo wa Wadegodia walikusanywa na vikosi vya usalama, wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir. Walivuliwa nguo, wakalazwa juu ya ardhi iliyochomwa na jua la Februari, siku baada ya siku, bila maji, bila chakula. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Watu wa Wajir wanahesabu kwa mamia, na wengine wanasema wanapita elfu. Annalena alitoka kwenda kuwatafuta majeruhi na maiti zilizotupwa porini, na alisaidia habari zivuke mipaka ya nchi. Alifukuzwa Kenya. Baadaye alikwenda Somalia, akaendelea kuwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu, mwishowe Borama. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kuwahudumia wakimbizi. Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi na kuuawa katika uwanja wa hospitali yake.

Sikia mfanano huo, msikilizaji. Kaskazini mwa Kenya. Kifua kikuu. Mwanamke wa Kizungu anayeuliza maswali. Siri ya wakubwa. Kifo. Le Carré alitunga. Wajir iliishi.

Lakini tahadhari. Nikiishia hapo nitakuwa nimefanya kosa lile lile la filamu. Nitakuwa nimemweka tena mgeni katikati, na wenyeji pembeni kama miti. Annalena anastahili heshima, nami naitoa kwa moyo wote. Swali la mpwa wangu, hata hivyo, linaelekea kwingine. Yule mwanamume aliyelala pale uwanjani siku ya tatu, ulimi umevimba, akimsikia ndugu yake kando akiomba maji kisha akinyamaza, alikuwa anafikiria nini? Mama aliyebaki nyumbani, boma limechomwa, hajui kama ni mke au ni mjane, alilala vipi? Na huyu mzee ambaye leo anakunywa shaah kibarazani, aliyerudi akiwa hai, ambaye kwa miaka yote hii hajawahi kuwaambia wanawe alichokiona, anaamka saa ngapi usiku na kuketi gizani?

Hiyo, ndugu yangu, ndiyo taharuki ya nafsi. Haihitaji jumba la kale wala mlango unaolia.

Na hofu yetu haikuanza wala kuishia Wagalla. Sheria ya hali ya hatari iliwekwa katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini mwishoni mwa mwaka 1963 na ikaondolewa 1991. Ni karibu miaka 28. Mtu alizaliwa, akaoa, akapata watoto, bila kujua maisha ya kawaida yana ladha gani. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangishwa foleni wathibitishe kwamba wao ni Wakenya, wapewe kadi ya ziada juu ya kipande. Leo nani kati yetu hajasafiri na basi la usiku, gari likasimama kizuizini, taa ikamulika, na mkono ukaenda mfukoni kutafuta kitambulisho hata kabla hajaulizwa? Mimi najijua. Kitambulisho changu ni halali, nimezaliwa hapa, na bado moyo unapiga. Moyo huo unaopiga ndio sura ya kwanza ya riwaya. Nani ameiandika?

Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, hapa kwetu. Wengi wao walikuwa wanafunzi waliokuja wakiwa na magodoro na matumaini. Kuna watu wa mji huu ambao mpaka leo wakisikia kishindo alfajiri, kikombe kinadondoka. Na Desemba 21 mwaka huo huo, basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Washambuliaji wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwavika wenzao hijabu. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, na Januari 2016 akafariki akiwa anatibiwa Nairobi. Allah amrehemu.

Kisa hicho kilifanywa filamu fupi, Watu Wote, ya dakika 22 hivi, kwa Kiswahili na Kisomali. Iliongozwa na Katja Benrath, na ilikuwa kazi ya wanafunzi wa Hamburg Media School ya Ujerumani. Mwaka 2018 ilikuwa katika orodha ya filamu zilizoshindania Oscar. Nawashukuru, kwani safari hii moyo uliofunguliwa ni wa huku: mwanamke Mkristo aliyefiwa kwa mkono wa magaidi, ameketi katikati ya watu anaowaogopa, kisha hao hao wanasimama kumkinga. Hofu yake inabadilika mbele ya macho yetu. Tazama vile inavyowezekana. Lakini walihitajika vijana kutoka Hamburg ndipo tujione.

Kuna wanaosema sisi ni watu wa mdomo, si watu wa karatasi. Kweli, Wasomali ni watu wa shairi, na mwandiko rasmi wa Kisomali ulipitishwa mwaka 1972 tu. Lakini Nuruddin Farah, mzaliwa wa Baidoa, alitoka kwenye mdomo huo huo na akawa mmoja wa watunzi wakubwa wa riwaya wa Afrika. Hapa kwetu Salah Abdi Sheikh aliandika Blood on the Runway, kitabu kuhusu Wagalla, mwaka 2007, na Judy Kibinge akatengeneza filamu ya kumbukumbu kuhusu mauaji hayo. Njia imefyekwa. Kinachongojwa ni mtunzi wa riwaya, atakayeingia pale ambapo ripoti haiwezi kuingia, yaani kifuani.

Wala usiniambie Kiswahili hakifiki kwenye skrini. Adam Shafi wa Zanzibar aliandika Vuta N'kuvute, riwaya tuliyoifahamu shuleni. Amil Shivji akaigeuza filamu, ikaoneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, wahusika wakizungumza Kiswahili chao cha Unguja bila kumwomba mtu radhi. Kitabu cha mwenyeji, lugha ya mwenyeji, moyo wa mwenyeji. Dunia ilikaa ikatazama.

Kwa hivyo nina maneno kwa watu watatu kabla sijakuaga.

Kwa mzee na mama aliyeshuhudia: tafadhali zungumza. Najua unaogopa kulifungua jeraha, na huna deni kwa yeyote. Lakini ukiondoka na kisa hicho, mjukuu wako ataletewa toleo la mgeni, na humo wewe utakuwa mti wa kando ya barabara. Mwite mmoja unayemwamini, mwambie alete daftari.

Kwa mwalimu wa Kiswahili wa Garissa, wa Wajir, wa Mandera: ukitoa insha wiki ijayo, usiwape tena watoto safari ya kwenda Mombasa ambako hawajawahi kufika. Waambie waandike usiku mmoja ambao mtu wa nyumbani kwao alikuwa na hofu. Wasiandike kilichotokea tu. Waandike alichokuwa akikifikiria.

Na kwako kijana, mpwa wangu na wenzako wote wa Waberi: jina la mtaa wenu kwa Kisomali lina maana ya alfajiri. Uliniuliza yule kijana mwenye kichanga alikuwa anafikiria nini njiani. Mimi siwezi kukujibu, na Meirelles hakukujibu, na le Carré hakukujibu. Anayeweza kujibu ni mtu aliyetembea njia kama ile, au aliyelelewa na mtu aliyeitembea. Huyo ni wewe. Chukua kalamu usiku huu, andika ukurasa mmoja. Kesho andika mwingine. Filamu itakuja baadaye. Kitabu kwanza.